Dada wa Yashubu

Njaa ile ilituanzia kwa mizaha. Mvua ya kwanza ilipochelewa, wanaume wa mji wetu wa Zanoa walikaa langoni wakisema Mungu amepotea njia ya kwetu, atafika tu. Ilipokosa kabisa, na mvua ya mwisho nayo ikapita bila hata tone, mizaha ikakauka midomoni. Tukala shayiri ya mbegu. Tukala maganda ya mikarobu tuliyokuwa tukiwapa mbuzi, halafu tukawala mbuzi. Mama mkwe wangu alichemsha kiatu cha marehemu mumewe, akatuambia ni mchuzi wa nyama, nasi tukamsifu kwamba umekolea. Alikufa siku nne baadaye. Tulimfukia kwa mawe, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuchimba.

Mimi na Yashubu tulikuwa na miezi minane tu ya ndoa. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwepesi wa kuahidi. Watu walisema ng'ambo ya Yordani kuna mkate, basi siku ya tatu baada ya maziko tukaanza kuteremka, yeye amebeba blanketi na mimi nimebeba sufuria tupu. Ukiniuliza sufuria tupu ya nini, sijui. Mwanamke haachi sufuria yake.

Tulipoanza kuuona mto chini, Yashubu alisimama.

"Atara, tukivuka, ukiulizwa, sema wewe ni dada yangu."

"Dada yako tangu lini?"

"Usinichekeshe bwana, nina njaa. Ng'ambo kule ni Waamoni. Wakimwona mwanamke mzuri ana mume, wanamwondoa mume. Wakimwona ana kaka, wanampa kaka chakula ili awape dada."

"Mzuri! Hebu nitazame vizuri. Mbavu hizi zinahesabika toka huko uliko."

"Hata hivyo," akasema.

Nilicheka, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwamba mume wangu anadhani kuna mtu anaweza kumuua kwa ajili yangu. Na wala hakuyabuni mwenyewe maneno yale. Kwetu kila mtoto anaijua habari ya babu yetu mkuu aliyeshuka Misri wakati wa njaa, akamwita mkewe dada, akatoka huko na ng'ombe na ngamia. Wanaume wanaipenda sana habari hiyo. Huisimulia wakipiga mapaja yao kwa kicheko. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza ilikuwaje kwa yule mwanamke ndani ya nyumba ya mfalme alikopelekwa.

Tulivuka asubuhi. Upande wa pili tulikutana na mtu mnene kiasi, ndevu zake zimechanganyika mvi, amevaa joho jeusi la sufu, na nyuma yake watumishi wenye mikuki wakinywesha kondoo. Kwetu sisi watu wa milima ya Yuda, ng'ambo ya Yordani yote ni ugenini, na aliyevaa joho jeusi ni Mwamoni, basi. Alitusemesha. Maneno yake tuliyaelewa, lakini yalitoka mazito, kama mtu mwenye tende mdomoni.

"Nyie mmetoka kuzimu au Yuda?"

"Yuda, bwana," alijibu Yashubu.

"Naona ni kulekule. Na huyu ni nani wako?"

"Dada yangu, bwana. Wazazi wamekufa. Tumebaki wawili."

Yule mtu alinitazama, akashusha macho kwa heshima. Jina lake lilikuwa Segubu, wa mji wa Yazeri. Akatukalisha chini, akatoa mkate, jibini na zabibu kavu. Mkono wangu ulikwisha fika mdomoni alipoinua mkate wake juu na kumshukuru Mungu wa Israeli, kwa jina lake, kama alivyokuwa akishukuru baba yangu nyumbani.

Yashubu aliacha kutafuna. Mtu huyu alikuwa Mgileadi, mwana wa Israeli kama sisi. Tulikuwa tumemdanganya ndugu yetu, tena mkate wake tumeushika mikononi.

"Mwambie," nilimnong'oneza.

"Sasa hivi? Ameshatulisha, nimwambie mimi mwongo? Atatuona watu gani? Kesho."

Ile kesho ndiyo iliyotumaliza.

Kesho yake asubuhi Segubu alitupeleka langoni Yazeri, mbele ya wazee kumi, kwa sababu alitaka mambo yawe wazi. Yashubu angemtumikia kwa chakula na mavazi. Mzee mmoja mwenye chongo alitukumbusha sheria, ingawa tuliijua vizuri. Mwebrania hutumika miaka sita, mwaka wa saba hutoka huru. Hutoka vilevile alivyoingia. Aliyeingia na mke hutoka na mke, aliyeingia peke yake hutoka peke yake. Lakini binti aliyetiwa katika nyumba na baba yake au kaka yake, huyo hana mwaka wa saba.

"Umekuja na mke, kijana?" aliuliza yule mwenye chongo.

"Hana mke," Segubu alimjibia kwa furaha, kama mtu anayemsaidia mgeni mwenye haya. "Ana dada. Watoto yatima hawa, mzee."

"Nataka kusikia toka kinywani mwake."

Yashubu alinigeukia. Nilimkodolea macho nikisema moyoni, sema, sema sasa, aibu itapita. Halafu akainua mkono wake wa kulia.

"Kama Bwana aishivyo, huyu ni dada yangu."

Nilimkamata kisimani mchana ule tulipokwenda kuchota maji. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili.

"Umeapa! Umeufunga uongo katika jina la Mungu!"

"Polepole, watasikia. Atara, miaka sita si mingi. Nitafanya kazi mpaka anipende. Nikitoka nitamwomba, nimwambie nipe dada yangu twende kwetu. Kaka akimwomba dada yake, nani atakataa?"

"Na miaka sita hiyo mimi ni nani?"

Alinyamaza. Yashubu alikuwa hodari wa kunyamaza palipotakiwa neno moja tu.

Kunyamaza kwake kulitufikisha mbali zaidi mwezi uliofuata, wakati wa kukata manyoya ya kondoo. Wakata manyoya walikuwa wanakula mchana chini ya kivuli cha ukuta, nami nazunguka na mtungi wa maji. Segubu alikuwa mgane. Mkewe alikufa miaka miwili nyuma na hakumwachia mtoto. Alijifuta mdomo, akasema mbele ya watu wote:

"Yashubu, nina ombi, na sitaki kulipitisha nyuma ya mgongo wako. Nyumba yangu imekaa bila mwanamke. Nakuomba dada yako. Sitamfanya mjakazi. Nitamlisha, nitamvika, nitamtimizia haki yake. Unasemaje?"

Mkate ulikuwa mdomoni mwa Yashubu. Akatafuna. Akatafuna tena. Wakata manyoya wakaanza kucheka.

"Kijana anafikiria mahari!"

"Mwacheni, huyo ana dada mmoja tu!"

Kwetu mwanamume akiombwa binti mbele ya mashahidi akanyamaza, amekubali. Yashubu alijua. Alikuwa anatafuta neno, na neno lililobaki lilikuwa moja tu, nalo lingesema kwamba ameapa uongo kwa jina la Mungu langoni. Alimeza mkate wake. Segubu aliruka, akamkumbatia, akambusu mashavu yote mawili.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Shemeji yangu huyu!"

Na mimi? Nilikuwa na ulimi wangu. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale na mtungi begani. Niliogopa, nikakaa kimya kama yeye. Sehemu hiyo ya lawama ni yangu na simpi mtu anibebee.

Njaa ilikuwa imezikausha siku zangu tangu Zanoa, kwa hiyo sikujua nimebeba nini. Mtoto alikuja mapema. Mkunga alitazama kucha za mtoto, ndefu, zimekomaa, kisha akanitazama mimi kwa muda, akatoka nje na kumwambia Segubu kwamba watoto wa miezi saba wana nguvu sana, wasishangae. Alikuwa mwanamke mwenye akili, Mungu amrehemu. Segubu alilia kwa furaha. Alimwita Sheera.

Sheera alikuwa na miguu mirefu ya Yashubu, na kicheko chake, na hata ile tabia ya kukunja kidole gumba ndani ya ngumi akilala. Alipoanza kusema, alimkimbilia Yashubu kila arudipo malishoni.

"Mjomba! Mjomba, umeniletea nini?"

Yashubu alimletea manyoya ya ndege, mawe ya mtoni, mwanakondoo mgonjwa wa kulea. Alimbeba mabegani akimzungusha uani. Segubu alikuwa akisimama mlangoni na kuwatazama, ameridhika, anamwambia kila apitaye, "Tazama mjomba wake anavyompenda." Ilinibidi kuingia ndani.

Sisi wawili hatukugusana tena. Ningekuwa mwongo nikisema hatukutamani. Lakini Yashubu alisema dhambi moja inatosha, na mimi nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba hata bakuli la supu nilimwekea chini, sikumpa mkononi. Niliwahi kumwambia, "Shemeji wa bwana Segubu, supu yako hiyo hapo." Alikula bila kuinua kichwa.

Segubu alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo kwa hasira. Angekuwa mkatili, ningepata mlango wa kutokea, maana sheria inasema mwanamke kama mimi akinyimwa chakula, au mavazi, au haki yake ya kitandani, anakwenda zake huru. Mwaka wa nne nilijaribu. Niliunguza mkate siku saba mfululizo, mweusi tii, nikamwekea mezani. Nilitaka anichukie, aseme sikulishi tena mwanamke wewe. Aliukwangua kwa kisu, akala, akakohoa masizi, akacheka mpaka machozi.

"Jamani Atara, hata marehemu alikuwa anaunguza. Nilikuwa nimesahau ladha yake."

Siku ya nane aliniletea vazi jipya la kitani, akidhani nina huzuni. Nilikaa nyuma ya ghala nikalia mpaka nikaishiwa sauti. Mwenzangu, ukitaka kumfunga mtu asiweze kukimbia, mtendee mema.

Mwaka wa sita ulipokuwa unamalizika, Yashubu alipiga moyo konde, akaenda kwa Segubu. Mimi nilikuwa nakanda unga upande wa pili wa pazia.

"Bwana, siku zangu zinakaribia. Nina ombi moja. Niruhusu nirudi kwetu na dada yangu."

Segubu alishangaa kweli.

"Arudi? Amekulalamikia? Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, bwana. Ni... makaburi ya wazazi wetu yako kule."

"Shemeji, hebu keti. Yule ni mama wa mtoto wangu. Mwanamume gani anaruhusu mke wake arudi na kaka yake? Ungekuwa wewe, ungeruhusu?"

Nilisubiri. Nilisikia pumzi za Yashubu.

"La," akasema. "Nisingeruhusu."

"Basi, tumeelewana. Nenda kajenge, uoe, utuletee watoto wako watutembelee. Sitakutoa mikono mitupu, utaona."

Nilikanda ule unga mpaka ukawa mgumu usioliwa.

Siku yenyewe ilikuwa angavu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka ule pande zote, hata Yuda. Segubu alileta langoni kondoo ishirini, magunia ya shayiri, viriba viwili vya divai, na punda wa kubebea. Watu walikuja kuona, maana si mabwana wote wanaotimiza sheria ya kutomtoa mtumishi mikono mitupu, wengi hutafuta visingizio. Mimi nilisimama na wanawake, Sheera ameshika upindo wa vazi langu.

Yule mzee mwenye chongo alikuwa hai bado.

"Yashubu wa Zanoa, uliingia peke yako, sasa unatoka peke yako, huru. Una neno?"

"Ninalo." Alisogea mbele. Nikauona uso wake na nikajua. "Wazee, miaka sita iliyopita mahali hapahapa niliinua mkono, nikasema..."

Nje ya lango lile, mwaka uliotangulia, walimtoa mwanamke wa uwanja wa chini wa kupuria, aliyekutwa ana mume na mwanamume mwingine. Nilikuwa nasaga siku hiyo, nilisikia mawe. Yashubu akimaliza sentensi yake, mimi ni mke wa mtu niliyezaa katika nyumba ya mtu mwingine. Nani angeuliza ilikuwaje? Na Sheera angekuwa nani? Nilitikisa kichwa. Kidogo tu, lakini aliniona. Kisha macho yake yakashuka kwa mtoto, ambaye alikuwa anampungia mkono.

"...nikasema nitatumika," aliendelea polepole. "Nimetumika. Na leo nasema sitaki kutoka."

Watu wakaguna. Mzee akainama mbele.

"Hutaki? Una mke humo ndani, uliyepewa na bwana wako?"

"Sina."

"Una watoto humo?"

Alichelewa kujibu.

"Sina, mzee."

"Sasa unabakia nini, mwanangu? Wanaokataa uhuru hukataa kwa ajili ya wake zao na watoto wao. Wewe unabaki kwa ajili ya nani?"

"Nampenda bwana wangu," alisema Yashubu.

Mtu mmoja nyuma akadakia, "Huyo anapenda jibini!" Lango zima likacheka. Yashubu naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Mimi nilitaka kumrukia nimrarue uso. Nilitaka aende. Nilitaka aende zake na kondoo wake, aoe huko, anisahau, ili na mimi nipate kumchukia kwa raha. Miaka sita nilikuwa nimevumilia kwa kujua kuna siku itakayomaliza jambo hili, hata kama litaisha vibaya. Sasa alikuwa amelifanya lisiwe na mwisho. Alidhani ananipa zawadi, maskini. Alidhani kukaa karibu ni kitu.

Wakampeleka nyumbani kwa Segubu, watu wakifuata, maana mtumishi anayekataa uhuru hutobolewa sikio mlangoni kwa bwana wake. Wakamsimamisha kwenye mwimo wa mlango, sikio la kulia limebanwa kwenye mti. Segubu alishika shazia, ile sindano nene ya fundi wa ngozi.

"Una hakika, shemeji? Hili ni la milele."

"Piga, bwana."

Alipiga mara moja. Yashubu hakulia. Sheera ndiye aliyelia, akakimbia kumkumbatia miguuni, na Yashubu akamwekea mkono kichwani, damu ikimtiririka shingoni. Segubu alitupa shazia chini, akamshika mabega, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya wazee.

"Mnaona? Mnamwona mtu huyu? Hana mke, hana mtoto, na amebaki kwa kunipenda mimi tu! Mwenye moyo kama huu atalala peke yake zizini mpaka lini?" Akageuka huku na huku, amelewa furaha. "Mleteni Shimeathi!"

Shimeathi alikuwa binti wa Kiamoni aliyekuwa akisaga nami, mateka wa vita, mpole, hana neno na mtu. Wanawake walimsukuma mbele akijifunika uso kwa viganja.

"Huyu nakupa, shemeji. Leo hii hii. Chinjeni kondoo, si wako hapa tayari?"

Yashubu alifungua mdomo. Halafu, kama kawaida yake, akanyamaza, na kila mtu alijua maana yake.

Bwana arusi hakuwa na mama. Kwetu, asipokuwepo mama, dada ndiye anayemshika mkono bibi arusi, akamtia kwa kaka yake. Wanawake walikuja kunichukua, wananipongeza, wananivisha shanga. Nikamshika Shimeathi mkono. Ulikuwa baridi na umelowa jasho. Tulivuka ua, hatua kama arobaini hivi. Nikauweka mkono ule katika mkono wa mume wangu. Hakunitazama, nami sikumtazama, nilitazama damu iliyokuwa imeanza kukauka kwenye ukosi wake.

Watu walikuwa wananisubiri, na sikukumbuka wanasubiri nini.

Sheera alinivuta nguo.

"Mama, vigelegele! Si harusi ya mjomba?"

Nikapiga. Wanawake wa Yazeri walisema baadaye kwamba hawajawahi kusikia dada aliyefurahi vile.